Kuku wa Mama na Banda la Chuma

Ukipita mtaani kwetu ukaona geti lisilofunguka mpaka lisukumwe kwa bega, hilo nimelitengeneza mimi. Ukisikia jingine linalia mpaka watoto wachanga wanashtuka, hilo nalo ni langu, ila ni la zamani, kabla sijajifunza kupaka bawaba grisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Mageti, nondo za madirisha, milango ya maduka, ndiyo riziki yangu, na mteja akiniuliza kama kitu kitadumu, jibu langu ni moja tu: "Hii ni imara." Nimelisema mpaka watu wamelisahau jina langu, wananiita Imara. Hata mke wangu akitaka kunichokoza husema, "Imara, hebu njoo uone meza yako inavyoyumba."

Meza ile inayumba kwa sababu ya sakafu. Lakini tuyaache hayo.

Karakana yangu ni kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyuma wa nyumba. Kati yake na jiko kuna ua mdogo wenye kamba ya nguo na pipa la maji. Nikiwa karakanani nasikia kila linalosemwa mlangoni pa jiko, na hilo ndilo lililoniponza.

Mama alikuja kukaa nasi baada ya baba kufariki. Tulikwenda kumchukua mimi na mke wangu, tukiwa tumekodi gari kubwa tukidhani atataka kuhama na vitu vyake. Akakataa kabati, akakataa kitanda, akakataa hata redio ya baba. Alipanda na begi moja la nguo, na kuku kwapani.

Kuku mwenyewe alikuwa jike, mzee, mweupe mwenye madoa meusi shingoni, na kutaga alikuwa ameshasahau. Baba ndiye aliyempa jina la Karani, kwa kuwa hakuna kitu kilichowekwa chini asichokwenda kukikagua. Ukidondosha kijiko, huyo Karani. Anakitazama kwa jicho la kulia, anakitazama kwa jicho la kushoto, kisha anaondoka polepole bila kusema kama amekipitisha au amekikataa. Siku ya kwanza tu kwangu alikagua mashine yangu ya kuchomelea, akaipa mgongo, na akaacha kinyesi juu ya waya.

Sasa, mimi nilikuwa na furaha ya kumpata mama nyumbani. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimwona kwa kubahatisha, leo naingia na mkate, kesho natoka na salamu. Safari hii nikasema, nitakaa na mama yangu. Lakini aliyekuja kwangu hakuwa mama, alikuwa mgeni.

"Umelalaje, mama?"

"Salama, mwanangu."

"Na goti?"

"Afadhali, mwanangu."

"Chai ina sukari ya kutosha?"

"Inatosha. Asanteni."

Asanteni! Mama yangu mzazi, aliyenikimbiza na mwiko kuzunguka nyumba nzima, ananishukuru kwa wingi kama mtu anayeaga baada ya kunywa maji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilitamani mama alichukue hilo jembe mwenyewe, hata kama ni kunikimbiza nalo, mradi tu aache ugeni.

Na kumbe maneno alikuwa nayo. Asubuhi moja nilikuwa nimeinama kuchagua nondo, sijawasha mashine bado, nikamsikia mama mlangoni pa jiko. Sauti yake haikuwa ile ya asanteni. Ilikuwa sauti ninayoijua, ya kulalamika kwa raha.

"Goti limenila usiku kucha, Karani. Na hiki kitanda, kila nikigeuka kinapiga kelele utadhani nimekanyaga paka. Chai yao mtu akiimwaga, nyuki watahamia. Lakini utasemaje? Watoto wa watu wanajitahidi." Akamsogezea Karani makombo. "Leo mzee angekuwa ameshaniuliza kama mvua itanyesha. Kila siku aliniuliza, kama vile mimi ndiye niliyeishika."

Nilibaki nimeshika nondo yangu kama askari aliyesahauliwa lindoni. Kitanda kile nilikichomelea mimi. Mimi mwanawe nimekuwa mtoto wa watu! Na baba, ambaye mama hakuwahi kumtaja mbele yangu tangu siku ya mazishi, habari zake alikuwa akisimuliwa kuku kila asubuhi.

Niseme ukweli, nilimwonea wivu. Mtu mzima, mwenye ndevu na karakana, nilimwonea kuku wivu.

Nikampelekea mke wangu malalamiko. Alikuwa anafua, hata hakuinua kichwa.

"Mwache. Amepata wa kuongea naye."

"Yule ni kuku!"

"Basi nenda ukaongee naye wewe."

Nilikwenda. Nikachukua kigoda, nikakaa karibu na mama, nikasema, "Mama, tuzungumze."

"Tuzungumze nini, mwanangu?"

Nikafikiri. Maneno si fani yangu. "Unaonaje, mvua itanyesha?"

Mama alinitazama sana, halafu akageuza uso. "Itanyesha," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ndipo nilipokata shauri. Kama mdomo hauwezi, mikono itaweza. Nitamfanyia mama kitu cha kumfurahisha, moyo wake utafunguka, na maneno yatakuja yenyewe. Na kitu chenyewe nilikuwa nacho mbele ya macho, kwa sababu Karani alikuwa analala ndani ya jiko, amefunikwa tenga, na juu ya tenga mama aliweka jiwe. Tenga na jiwe! Katika nyumba ya Imara, ambaye watu wanatoka mitaa ya mbali kuja kuagiza mageti kwake!

"Mama," nikamwambia, "Karani nitamjengea banda la chuma."

"Amezoea tenga, mwanangu. Tenga halina pa kupita kitu, na jiko lina mlango."

"Tenga ni tenga tu, mama. Mimi nitakujengea kitu imara."

"Haya. Asanteni."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi sikusikia hata kidogo, maana kichwani mashine ilikuwa imeshawaka.

Hapa inanibidi nieleze kidogo kazi yetu. Nafasi ya kati ya nondo na nondo kwenye dirisha hatupimi kwa rula. Tunapima kwa ngumi. Fundi aliyenifundisha alikuwa akisema: ngumi ikipita, kichwa kitapata njia, kichwa kikipata njia, mwizi yuko sebuleni. Ngumi ikikwama, lala. Kwa ngumi hii nimepima madirisha ya mtaa mzima, na hakuna nyumba yangu iliyowahi kuingiliwa dirishani. Kwa hiyo nilipofika kwenye banda la Karani sikuwa na haja ya kufikiri. Niliweka nondo, nikaingiza ngumi, ikakwama. Nikaja upande wa pili, ikakwama. Nikaona raha.

Sikuishia hapo. Mlangoni nilichomelea pambo la jua lenye miale, lile ninalowawekea wateja wenye kujiweza. Nikaweka makomeo mawili na kufuli la kujaza kiganja, ufunguo nikauvaa shingoni. Juu ya paa nikachomelea mishale mikali iliyotazama mbinguni.

"Hiyo mishale ya nini?" mke wangu akauliza.

"Wezi huruka ukuta."

"Waruke ukuta, wapande juu ya banda la kuku, halafu wafanye nini?"

Mpaka leo natafuta jibu.

Nikalipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye mlango wa duka la mtu, nikaita wanaume wenzangu tukalibeba, na badala ya kuliweka karibu na jiko nikaliweka katikati ya ua, mkabala na geti, ili wateja walione wakiingia. Nikatundika na kibao: MAGETI, MADIRISHA NA MABANDA. Jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani ambaye ulimi wake una makali kuliko mkasi wake, akaja kutazama. Akalizunguka mara moja, akashika kiuno.

"Huyu kuku," akasema, "amehukumiwa miaka mingapi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikijua moyoni kwamba ni wivu.

Karani mwenyewe alilikagua. Alitazama bawaba, akatazama kufuli, akatazama jua langu lenye miale, kisha akaelekea zake jikoni. Ilinibidi nimbebe na kumsukumiza ndani. Mama alisimama kando akitutazama, mikono ameifunga ndani ya khanga.

"Baba," akaniita. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu afike kwangu, kama alivyoniita nilipokuwa mdogo. "Ni kweli hapa hapapiti kitu?"

Raha iliyonishika haielezeki. Niliona kazi imeanza kuzaa matunda. Nikakunja ngumi, nikaibandika kwenye nondo mbele yake. "Tazama, mama. Hata ngumi haipiti."

Mama akaitazama ngumi yangu. Akazitazama nondo. Akafungua mdomo kama anayetaka kuongeza neno, kisha akaufunga. "Haya," akasema.

Siku za kwanza zikapita kwa amani, na mimi nikavimba kichwa. Kila mteja aliyekuja kuulizia geti nilimwonyesha kwanza banda. Nilifika mahali pa kumwambia fundi cherehani kwamba hata simba akija, atakaa nje akijutia njaa yake.

Hakuja simba.

Asubuhi iliyofuata nilizinduliwa na harufu. Ilikuwa harufu kali, ya uvundo unaoingia mpaka kwenye meno. Nilipotoka, mama alikuwa ameshafika uani, amesimama mbele ya banda. Kufuli lilikuwa mahali pake. Makomeo yalikuwa mahali pake. Nondo hazikupinda hata moja. Ndani kulikuwa na manyoya kila mahali, na Karani amelala kwenye kona, kichwa hakipo.

Nilivua ufunguo shingoni. Nikauingiza, nikauzungusha, ukakataa. Nikasukuma, nikavuta, nikatia mafuta. Kufuli lile, nililolisifia kwa kila mtu, likagoma kabisa. Mwisho nilikwenda kuleta patasi na nyundo, nikalivunja kufuli langu mwenyewe mbele ya mama na majirani, kwa jasho na kelele, ili nimtoe kuku ambaye hakuwa na haraka tena.

Fundi cherehani alikuja ameziba pua kwa kitambaa. "Kicheche," akasema. "Wenye kuku wote hapa tunamjua huyo na harufu yake." Akaingiza mkono wake mwembamba kati ya nondo, ukapita bila kugusa. "Sasa baba, mbona umeacha mlango kila upande? Kicheche anapita penye vidole vitatu."

Nikaitazama ngumi yangu. Maisha yangu yote nimezuia wezi wenye ngumi. Haikunijia hata siku moja kwamba yuko mwizi asiye na ngumi. Nondo zilizopaswa kumzuia kicheche nje zilimzuia Karani ndani, asipate hata pa kukimbilia. Mganga hajigangi, sawa, lakini mimi nilikuwa nimempa mgonjwa sumu na kumfungia mlango.

"Mama," nikasema. Nikaweka nyundo chini.

"Haidhuru, mwanangu," mama akasema. "Ni kuku tu. Asanteni kwa kumjengea."

Kama angenipiga kofi pale, ningemshukuru. Ile asanteni ilinikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Tukamzika Karani nyuma ya jiko. Mtaani nikawa kichekesho, na sikuwalaumu. Mwenye duka ambaye mlango wake nilimtengenezea alinisimamisha njiani, uso umekauka kama mtu mwenye shida kubwa. "Fundi, naomba kujua, ule mlango wangu unazuia wanyama gani na gani?" Watoto walipokutana nami walikunja ngumi na kunionyesha. Haya yote ningeyavumilia.

Nisiloweza kuvumilia ni ukimya. Kila asubuhi nilichelewa kuwasha mashine, nikatega sikio kuelekea mlango wa jiko. Nilisikia ufagio. Nilisikia sufuria. Sauti ya mama sikuisikia. Goti lake lilikuwa linauma, nilimwona akishika ukuta anapotembea, lakini hapakuwa na wa kuambiwa. Nikimuuliza, "Afadhali, mwanangu."

Kisha mke wangu akanijia karakanani, akasimama mlangoni, na safari hii hakunichokoza.

"Mama anataka kurudi kwake. Anasema hataki kutusumbua."

"Kwake na nani? Kule hakuna mtu!"

"Ndivyo alivyosema."

Niliogopa. Nilimwona mama katika ile nyumba, anaamka, anafagia, anakunywa chai yake, jua linazama bila neno moja kumtoka. Na nilijua ni nani aliyemfikisha hapo. Nikatoka mbio kutafuta dawa, na kwa kuwa akili yangu ina njia moja tu, nikaenda sokoni kununua kuku.

Nilimpata mmoja mweupe mwenye madoa meusi shingoni. Muuzaji aliniapia kwamba ni jike, mpole, atakua vizuri. Nikambeba kama nimebeba yai. Mama alimpokea, akamgeuza, akamtazama kichwani, akamtazama miguuni.

"Huyu ni jogoo, mwanangu," akasema kwa upole. "Bado mdogo tu. Asanteni."

Mtu mwenye haya angeishia hapo. Mimi niliingia karakanani, nikatoka na wavu wa waya, ule wenye matundu madogo kabisa, nikalifunika banda lote juu na chini, kila pembe nikaifunga kwa waya na koleo. Nilifanya kazi mpaka vidole vikachubuka. Nilipomaliza nikamtia jogoo ndani, nikaenda kumshika mama mkono jikoni, nikamleta mbele ya banda.

"Tazama sasa, mama. Hata kidole hakipiti. Sasa hii ni..."

"Usiseme!"

Nilishtuka mpaka koleo likaniponyoka.

"Usilitaje hilo neno! Ukilitaja tena nakuchapa hapa hapa mbele ya mkeo!" Mama alikuwa amekuwa mrefu ghafla. "Nilikuambia amezoea tenga. Nilikuambia au sikukuambia?"

"Uliniambia, mama."

"Ukaniletea mishale! Kicheche amekuwa tai? Ukaniletea jua! Mimi nilikuomba jua? Nilikuomba uniache na tenga langu! Ngumi, ngumi, unanionyesha ngumi, mimi naona kabisa hapo panapita paka mtoto, lakini nitasemaje, nimo ndani ya nyumba ya watu!"

"Si nyumba ya watu, mama, ni ya..."

"Nyamaza! Kitanda chako kinalia! Dirisha la chumba changu umelijaza chuma, sijui kama kumekucha au bado! Na hiyo chai yenu, siku moja itaniua! Una kichwa kigumu, kigumu kama cha baba yako! Yeye naye nilimwambia, nenda ukapimwe kifua. Akasema ni mafua. Ni mafua tu, mama, nipe chai. Na mimi nikamwamini! Nikaenda kumpikia chai, nikakaa huko nakoroga, nakoroga, niliporudi..."

Mama akatafuta pa kukaa, akakosa, akakaa kwenye kizingiti cha jiko, akajifunika uso kwa khanga. Mabega yalianza kutikisika. Siku ya mazishi alikuwa amepokea watu wote, amewashukuru wote, na hakuna aliyeona chozi lake. Sasa alilia kwa sauti, kama mtoto aliyeanguka, na mimi nikakaa chini kwenye vumbi miguuni pake nikalia naye, kwa ajili ya baba, na kwa ajili ya ile chai, na kwa ajili yake kuibeba peke yake muda wote ule.

"Hukutuambia, mama," nikasema mwishowe.

"Nilimwambia Karani," akasema ndani ya khanga.

Mke wangu alitoka, akatutazama, akarudi ndani taratibu. Ndani ya banda jogoo alikuwa anajaribu sauti yake kwa mara ya kwanza, ikamtoka vibaya.

Asubuhi yake niliingia karakanani mapema. Nilikuwa na geti la mtu la kumaliza, na kwa kweli sikujua nitamtazamaje mama usoni. Nilikuwa nimeinama kushika swichi ya mashine niliposikia sauti kutoka mlangoni pa jiko.

"Wewe! Njoo hapa."

Nikaenda, glavu mkononi. Mama alikuwa amekaa, amenyoosha goti lake mbele. Akanionyesha kigoda kwa kidevu.

"Kaa."

Nikakaa. Akatazama uani, hakunitazama mimi.

"Goti limenila usiku kucha," akaanza. "Nimegeuka huku, nimegeuka huku, kile kitanda kinapiga kelele mpaka naona haya kwa majirani. Halafu nikamuota. Amesimama mlangoni na kofia yake ile mbovu, ananiuliza kama mvua itanyesha. Nikamwambia, wewe mzee, huko uliko hamna madirisha?" Akacheka kidogo, akafuta jicho kwa kiganja. "Na mguu huu ukipata baridi unavimba mpaka hapa."

"Mama, twende ukaonwe hospitali," nikasema. "Na kitanda nitakikaza leo leo, nitaongeza vyuma viwili pembeni, utaona..."

"Nyamaza," mama akasema. "Karani alikuwa hajibu."

Nikaweka glavu chini, nikaegemea ukuta, naye akaendelea.